Wifi yangu kaombwa ajiunge na utafiti wa sukari ya mimba hapa Tanga. Kabla hajasaini, tujadili

Binti Makorora

Habari za humu, wakuu.

Wifi yangu ana mimba ya kwanza, miezi minne na ushei. Juzi kliniki alikutana na watu wa utafiti. Wanafuatilia sukari ya mama wakati wa ujauzito, halafu wanafuatilia ukuaji wa mtoto mpaka atimize miaka miwili. Atapimwa kwa kile kipimo cha kunywa maji ya glukosi. Siku ya kujifungua watachukua damu ya kitovu na kipande cha kondo la nyuma. Mtoto atapimwa uzito, urefu, na mafuta ya mwilini kwa kubanwa mkunjo wa ngozi na kikoleo. Dawa hakuna, ni kupima na kufuatilia tu.

Amerudi na fomu ya ridhaa kurasa kibao na nyumba imegawanyika. Kaka anataka asaini kesho asubuhi, maana kuna nauli na ultrasaundi ya bure. Mama hataki kusikia habari ya kondo kukatwa. Jirani naye kaleta mumiani. Mimi nafanya kazi maabara (si kwenye utafiti huo), basi macho yote kwangu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Naona nyumbani tunabishania jambo dogo na kuacha kubwa. Kubwa ni hili: kipimo chake kikitoka kibaya, nani atamwambia, siku gani, na nani atamtibu?

Wengi hamjui kwamba kuna tafiti kubwa, tena za heshima, ambazo mama hakuambiwa majibu yake kwa makusudi. Utafiti uliobadilisha mambo yote ya kisukari cha mimba unaitwa HAPO, ulitoka mwaka 2008. Uliwachambua wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9. Mama alipimwa, majibu yakafungiwa, yeye hakuambiwa na daktari wake hakuambiwa, isipokuwa sukari ya kabla ya kula ikizidi 5.8 au ya saa mbili baada ya kunywa glukosi ikizidi 11.1 (namba zote hizi ni milimoli kwa lita). Walikuwa na hoja: wakati ule hakuna aliyekuwa na uhakika kama sukari iliyopanda kidogo inamdhuru mtoto, na ukishaanza kumtibu mama hutaona tena kile ulichokuja kukitazama.

Wakakuta kwamba hakuna mstari wa kusema huku salama, kule hatari. Sukari ya mama ikipanda kidogo tu, uzito wa mtoto unapanda, insulini anayotengeneza mtoto mwenyewe tumboni inapanda, na uwezekano wa mama kujifungua kwa kupasuliwa unapanda. Ndipo WHO mwaka 2013 wakaweka viwango tunavyotumia: 5.1 kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya saa mbili. Kimoja tu kikifikia, umo.

Sasa tazameni pengo kati ya 5.1 na 5.8. Mama mwenye 5.4 kwa HAPO alirudishwa nyumbani bila neno. Kwa viwango vya leo ana kisukari cha mimba. Ndiyo maana nataka kujua watu hawa wameweka mstari wao wapi. Fomu niliyoisoma inasema tu "majibu muhimu yatatolewa kwa mshiriki". Muhimu kwa nani?

Naomba wajuzi, hasa waliowahi kushiriki au kufanya kazi kwenye tafiti za mama na mtoto, watupe uzoefu.

Mgosi wa Barabara ya Tisa

Nimeweka kiti hapa nasubiri wajuzi. Ila dada yangu, kwa nini kila utafiti lazima uanze na damu? Wazungu wana wajawazito wao, wakawapime hao.

Binti Makorora

Mgosi, walishawapima, na shida ndiyo inaanzia hapo. Zile nchi 9 za HAPO ni Marekani, Kanada, Barbados, Uingereza, Israeli, Thailand, Singapore, Australia na China kwa maana ya Hong Kong. Afrika hata kituo kimoja hakuna. Mjamzito wa Muheza mwenye upungufu wa damu, aliyeugua malaria mwezi uliopita, anahukumiwa kwa namba za mwanamke wa Manchester. Labda namba zinamfaa, labda hazimfai. Hatutajua tukikaa tunasema wakawapime wao.

Korogwe Stendi

Wakuu, mimi nilifanya kazi ya kufuatilia wamama vijijini kwenye tafiti za upande wa Korogwe, pikipiki na daftari. Acha niweke mambo mawili matatu.

Kwanza, hili jambo si geni mkoani kwetu. NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kituo cha Tanga na Chuo Kikuu cha Copenhagen walifanya utafiti unaoitwa FOETAL for NCD, Korogwe na Handeni. Waliandikisha wanawake zaidi ya 1,400 kabla hawajashika mimba. Someni tena hapo, kabla ya mimba. Tafiti nyingi zinamkuta mama kliniki miezi minne au mitano, kama wifi, na wakati huo kondo limeshajijenga. Hawa walitaka kujua mwanamke anayeingia kwenye mimba akiwa tayari ana upungufu wa damu, kondo lake linakuaje, mtoto anakuaje, na je, mtoto huyo ndiye atakuwa mgonjwa wa presha na kisukari akifika utu uzima. Kabla ya hapo kulikuwa na STOPPAM, huo ulikuwa wa malaria ya wajawazito, na ndio uliozoesha watu wa Korogwe kupigwa ultrasaundi mapema ili umri wa mimba ujulikane vizuri. Bila kujua umri wa mimba huwezi kusema mtoto huyu ni mdogo au kazaliwa njiti.

Pili, kuhusu kondo. Mama yako ana haki ya kuuliza. Sisi tulikuwa tunakata vipande vidogo, kondo lenyewe linapimwa uzito, linarudishwa kwa familia kwenye ndoo yenye kifuniko, wanakwenda kulizika kwa taratibu zao. Bibi mmoja alisimama mlangoni wakati tunakata, akataka kuona kila kipande kinaingia kichupa gani. Tukamwonyesha vyote. Siku ya chanjo alinletea ndizi. Kwa hiyo waulizeni: kondo linarudi au halirudi? Wakisema halirudi, waseme linateketezwa wapi.

Tatu, hilo la majibu, dada amegonga penyewe. Kwenye timu yetu tulikuwa na utaratibu: himoglobini ikishuka chini ya kiwango fulani, simu siku hiyohiyo na rufaa. Lakini si kila timu ina utaratibu huo, na nimeona yanayokera, siyasemi hapa.

Ummu Salha

Uyaseme tu kaka, au niyaseme mimi.

Mwanangu wa pili alikuwa kwenye utafiti mmoja, jina siliweki. Wakati wa kuandikisha walikuja nyumbani mpaka usiku. Walichukua damu yangu, damu ya kitovu, na mtoto akatobolewa kisigino. Nikauliza majibu, nikaambiwa yatakuja. Kila nikienda, "bado yapo maabara". Mwisho mradi ukaisha, ofisi ikafungwa, namba ya simu iliyokuwa kwenye fomu haipatikani. Mwanangu yule sasa anasoma la tatu na sijui mpaka leo waliona nini kwenye damu yake. Labda hawakuona kitu. Si wangeniambia basi kwamba hawakuona kitu?

Sikatai utafiti. Ila wifi yako akisaini asaini akijua kwamba tabasamu la mwanzo si la kudumu.

Mzee wa Mkonge

Nami ni mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, insulini asubuhi na jioni. Ukweli ni kwamba wanaposema "utafiti" mimi nasikia "majaribio". Kuna kundi linapewa dawa na kundi linapewa kitu cha kudanganyia. Huo ni ubinadamu? Mtu anaumwa unampa unga?

Binti Makorora

Shikamoo mzee.

Wa wifi si wa dawa, hakuna kundi la kudanganywa. Lakini swali lako lina uzito na jibu lake lipo ng'ambo ya maji tu, Pemba.

Miaka ya mwanzo ya 2000 kila mtu alijua kwamba watoto wana upungufu wa madini ya chuma, na kwamba ukiwapa vidonge vya chuma unawasaidia. WHO walishapendekeza. Basi Pemba wakaamua kulipima jambo ambalo kila mtu analijua. Watoto zaidi ya 24,000, wengine walipewa chuma na foliki asidi, wengine pamoja na zinki, wengine kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2003 makundi ya chuma yakasimamishwa kabla ya muda, maana waliopewa chuma ndio waliokuwa wanalazwa na kufa zaidi. Hatari ilikuwa juu kwa asilimia 12. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Kwenye eneo lenye malaria kali, chuma kwa mtoto ambaye hana upungufu kilikuwa kinamwongezea hatari.

Sasa mzee, bila lile kundi la "unga" tungejuaje? Vidonge vingeendelea kugawiwa na kila mtoto aliyekufa angeandikwa malaria. Baada ya hapo WHO walibadili ushauri wao kwa maeneo ya malaria.

Sisemi kila kundi la namna hiyo ni halali. Kama dawa inajulikana inaokoa, kumnyima mtu ni dhambi, na kamati ya maadili haitakiwi kupitisha. Ni pale ambapo kwa dhati haijulikani ndipo inaruhusiwa.

Mzee wa Mkonge

Marahaba mwanangu. Hili la Pemba sikuwahi kulisikia, na nimevuka kwenda Wete mara nyingi. Endeleeni.

Mkunga Mstaafu

Wanangu, nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, niseme upande wa mtoto maana mnaongea mama mama tu.

Mtoto wa mama mwenye sukari anazaliwa mkubwa, mashavu, kila mtu anashangilia "mashallah, kilo nne na nusu". Mimi nikimwona namtilia shaka palepale. Tumboni alikuwa anapokea sukari nyingi kutoka kwa mama, kongosho lake likazoea kumwaga insulini nyingi. Kitovu kinakatwa, sukari ya mama inakoma ghafla, lakini insulini yake bado ipo juu. Ndani ya saa moja mbili sukari inaporomoka. Utamwona anatetemeka mikono, analia kilio chembamba, au amelegea hataki kunyonya, na ndugu wanasema "mwacheni alale, amechoka na safari". Huyo hajachoka, sukari imeshuka, na ikishuka sana ikakaa huko ubongo unaumia.

Dawa ya kwanza ni ziwa, ndani ya saa ya kwanza, na kumweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi asipate baridi, maana baridi nayo inamla sukari. Mtoto wa namna hiyo anatakiwa kutobolewa kisigino kupimwa, na kurudiwa. New Zealand walijaribu jeli ya sukari ya asilimia 40, unampaka ndani ya shavu kisha ananyonya. Utafiti wao wa mwaka 2013 ulionyesha inasaidia, na watoto wachache zaidi walitenganishwa na mama zao kwa sababu ya sukari. Kitu rahisi namna hiyo. Mimi wakati wangu nilikuwa naomba vipande vya kupimia sukari naambiwa vimeisha.

Kwa hiyo binti, kama utafiti huo utamfanya mtoto wa wifi apimwe sukari saa ya kwanza na ya pili, kwangu mimi hiyo peke yake inatosha asaini. Ila waulize kama watapima damu ya mtoto palepale kitandani au wataibeba kwenda kwenye friji. Zote mbili zinaitwa "kupima", ila inayomwokoa mtoto ni ya kitandani.

Binti Makorora

Bibi, umenigusa kwenye kazi yangu.

Wadau, damu ikishatoka mwilini haijafa. Chembe zake zinaendelea kula sukari iliyomo. Kwenye joto la kawaida sukari inapungua kama asilimia 5 hadi 7 kila saa, na kwenye joto la Tanga msinisimulie. Chukua damu ya mjamzito saa tatu asubuhi kwenye zahanati ya kijijini, iweke kwenye kichupa cha kawaida, pikipiki ipitie vijiji vingine viwili, ifike maabara saa saba. Mama aliyekuwa na 5.6 anasomeka 4 na kitu. Anapewa cheti cha uzima. Kichupa chenye kifuniko cha kijivu kina floridi ya kuzuia hilo, lakini nayo inachukua saa nzima na zaidi kufanya kazi vizuri, kwa hiyo inatakiwa barafu na mashine ya kuzungusha damu mapema. Mimi mtu akiniambia "kisukari cha mimba ni kichache vijijini" swali langu la kwanza ni kichupa cha rangi gani na kilikaa kwa muda gani.

Na wale wanaokwepa usumbufu huo kwa kutumia HbA1c (kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu), huko nako kuna mtego. Kipimo hicho kinasoma sukari iliyoganda kwenye himoglobini. Mama akiwa na upungufu wa madini ya chuma, kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Akiwa ametoka malaria na chembe zake zimepasuka na kuzaliwa upya, au akiwa na seli mundu, kinasoma chini. Mimba yenyewe inakishusha. Sasa huku kwetu mjamzito mmoja anaweza kuwa na yote hayo kwa pamoja. Utakiamini vipi?

Ndiyo maana yale maji ya glukosi, gramu 75, matamu mpaka kichefuchefu, bado ndiyo yanatumika.

Mgosi wa Barabara ya Tisa

Kumbe ndiyo maana mke wangu alitapika. Na akitapika inakuwaje?

Mkunga Mstaafu

Akitapika kipimo kimeharibika, anarudia siku nyingine. Anywe polepole ndani ya dakika tano, asigugumie.

Bwaga Mzigo

Salamu kutoka Bagamoyo. Nasoma uzi huu tangu asubuhi.

Sisi huku utafiti tumeuzoea, taasisi ya Ifakara ina kituo chake hapa cha majaribio ya tiba. Ile chanjo ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na Tanzania tulikuwa na viwili: Bagamoyo kwetu na Korogwe kwenu. Mwaka 2021 WHO wakaipendekeza. Kwa hiyo anayesema tafiti hizi hazijawahi kuzaa kitu, azungumze na sisi.

Lakini naunga mkono hoja ya majibu. Na niongeze kuhusu sahihi. Nilishuhudia mume anasaini, mke amekaa kwenye mkeka anatazama tu. Mwenye mimba ndiye anaulizwa na ndiye anasaini. Kama hajui kusoma anasomewa mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti, kisha anaweka dole gumba. Kaka yako kuharakia nauli, samahani, hiyo si ridhaa yake kuitoa.

Binti Makorora

Kaka nimemtumia ujumbe wako. Kanyamaza, nahisi umemfika.

Mwana Pangani

Swali la mtu asiyesoma sayansi. Mnasema mtoto akizaliwa mkubwa ni hatari. Halafu kliniki wanasema mtoto akizaliwa mdogo ni hatari. Sasa mtu azae mtoto wa aina gani?

Korogwe Stendi

Swali zuri kuliko unavyodhani mkuu. Watu wamepata uprofesa kwa swali hilo.

Daktari mmoja Mwingereza, David Barker, mwaka 1989 alitoa matokeo ya wanaume zaidi ya 5,600 wa Hertfordshire ambao uzito wao wa utotoni ulikuwa umehifadhiwa kwenye madaftari ya wakunga. Waliokuwa wepesi utotoni ndio waliokufa zaidi kwa moyo ukubwani. Watu walimbishia sana. Baadaye Uholanzi wakafuatilia watoto waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakawakuta ukubwani sukari zao hazikai sawa. Inaonekana mtoto aliyebanwa tumboni anajipanga kwa maisha ya uhaba. Akija kukutana na chipsi, soda na kukaa, mwili haukujengwa kwa hilo.

Na wa kilo nne na nusu naye, aliyeogelea kwenye sukari, anaelekea kulekule kwa njia nyingine.

Kuna kisa cha Pune, India, ambacho mimi nakiona kinatuhusu. Watoto wa huko wanazaliwa wastani wa kilo 2.7 wakati wa Southampton ni 3.5. Ukiangalia kwa macho, wembamba. Lakini walipowabana mkunjo wa ngozi mgongoni, mafuta yalikuwa karibu sawa na ya Waingereza. Kilichopungua kilikuwa nyama na viungo vya ndani. Mzani haukuonyesha hilo. Hicho kikoleo anachoogopa mama yako, dada, ndicho kilichoonyesha. Hakiumizi, kinabana tu, mtoto analia kwa sababu ya mikono baridi.

Mzee wa Mkonge

Hapa mmenifumbua. Mimi sijawahi kuwa mnene. Nilipogundulika sukari daktari alishangaa, maana nilikuwa mwembamba kama mlunda wa mkonge. Nimezaliwa mwaka wa njaa, mama alikuwa akisimulia.

Binti Makorora

Mzee, hilo sasa linazungumzwa wazi. Mwezi wa nne mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuita aina hiyo kisukari cha aina ya 5, kinachohusishwa na utapiamlo. Wagonjwa wembamba ambao tatizo lao kubwa ni kongosho kutoa insulini kidogo, siyo mwili kuikataa. Kwa nini ni muhimu: ukimtibu mtu huyo kama mnene, ukamwambia apunguze kula, unamuumiza. Sisemi wewe ndiye huyo, hilo ni la daktari wako, lakini muulize.

Ummu Salha

Na wenye VVU je? Nina ndugu yangu anatumia dawa CTC, mjamzito, amenenepa ghafla tangu abadilishiwe dawa. Watafiti walimkataa kwenye mradi kwa sababu hiyo. Mbona wagonjwa ndio wanaachwa?

Korogwe Stendi

Hiyo inaudhi hata mimi. Miradi mingi inaandika "mwenye ugonjwa sugu haingii" ili hesabu ziwe safi. Halafu wale waliotolewa ndio wanaohitaji majibu zaidi. Kunenepa kwa dolutegravir (dawa ya VVU) kumeonekana kwenye majaribio ya Afrika Kusini na Kameruni, wanawake zaidi ya wanaume. Asiache dawa kwa sababu hiyo, nasema kwa herufi kubwa ASIACHE, inamlinda yeye na mtoto. Ila aombe apimwe sukari na presha kliniki hiyohiyo anayochukulia dawa. Tanzania na Uganda walishafanya jaribio la kuunganisha huduma za VVU, sukari na presha sehemu moja, linaitwa INTE-AFRICA, likaonekana linawezekana bila kuharibu huduma ya VVU. Asikubali kuzungushwa vituo vitatu.

Mwana Pangani

Basi turudi kwenye chai. Mama mjamzito wa Tanga bila chai ya maziwa na mahamri asubuhi haiwezekani. Mnasemaje?

Binti Makorora

Kuna utafiti wa 2024 nimeupenda kwa ujanja wake. Uingereza baada ya vita sukari ilikuwa ya mgao mpaka Septemba 1953. Mgao ulipokoma matumizi yakapanda karibu maradufu kwa mpigo. Watafiti wakawalinganisha waliotungwa na kulelewa kabla ya tarehe hiyo na baada yake. Waliokuwa tumboni na utotoni wakati wa mgao walikuwa na kisukari pungufu kwa asilimia 35 hivi na presha pungufu kwa asilimia 20 hivi walipokuwa wazee. Hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyetobolewa, serikali ilifanya jaribio bila kujua.

Kwa hiyo chai anywe. Vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe kimoja ndivyo tunavyoweza kuvizungumza.

Mkunga Mstaafu

Na uji wa mtoto usitiwe sukari mpaka kijiko kisimame. Nimemaliza.

Binti Makorora

Wadau, mrejesho.

Wifi amekwenda jana, nikamsindikiza, yeye ndiye aliyeuliza, mimi nilikaa kimya (kwa shida). Hivi ndivyo walivyomjibu.

Sukari: mstari wao ni uleule wa WHO. Mama anaambiwa siku hiyohiyo, mashine ipo palepale, na ana miadi ya daktari kabla hajaondoka. Waliionyesha kwenye andiko la utafiti, si kwa mdomo. Nimeridhika.

Mtoto: atapimwa sukari kitandani ikiwa mama amepatikana na kisukari au mtoto ni mkubwa sana au mdogo sana. Wengine hapana. Hapo sikuridhika, lakini angalau wamesema ukweli.

Kondo: linarudi. Mama kakubali, kwa sharti awepo.

Damu ya kitovu: sehemu inapimwa hapa, sehemu inasafirishwa nje kwa mkataba wa kusafirisha sampuli, na inayobaki inahifadhiwa "kwa tafiti zijazo". Wifi akauliza tafiti gani. Dada aliyekuwa anaandikisha akasema zitakazopitishwa na kamati. Wifi akauliza miaka mingapi. Dada akaanza kupekua karatasi, hakupata. Basi kwenye fomu kuna kisanduku cha peke yake cha kuhifadhi sampuli. Wifi akaweka alama kwenye HAPANA. Kwenye utafiti wenyewe akasaini NDIYO.

Mgosi wa Barabara ya Tisa

Sasa si amewapunguzia data? Nusu nusu hiyo wataikubali?

Korogwe Stendi

Wanalazimika kuikubali mkuu, kisanduku kimewekwa kwa ajili hiyo. Na hilo swali la miaka wasiliache. Ukurasa wa mwisho wa fomu kuna namba mbili: ya mtafiti mkuu na ya kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya, ipo chini ya NIMR. Ummu Salha, hata wewe, mradi umefungwa lakini kamati ipo. Waandikie jina la mradi na mwaka, ulizia majibu ya mwanao. Watu hawatumii njia hiyo, ndiyo maana ofisi zinafungwa kimya kimya.

Ummu Salha

Fomu ninayo bado, ipo kwenye sanduku pamoja na kadi ya kliniki. Kesho naandika.

Binti Makorora

Kipimo cha glukosi cha wifi kimepangwa wiki ijayo saa mbili asubuhi. Bibi mkunga, maelekezo ya kufunga?

Mkunga Mstaafu

Siku zile tatu za kabla ale kama kawaida yake, asijinyime wali ili apate majibu mazuri, atajidanganya. Usiku huo saa nne ndiyo mwisho wa kula. Maji ruhusa, chai asiguse, hata ya rangi, hata "kidogo tu". Asitembee kwa miguu kutoka Makorora, apande bajaji. Akishakunywa glukosi akae kwenye benchi saa zote mbili, asiende sokoni kununua samaki akarudi. Abebe chakula chake kwenye mkoba, ale akishatolewa damu ya mwisho, na usimwache arudi peke yake, wengine hupata kizunguzungu.